Jezi za mechi za televisheni: nyeupe, za giza, nyekundu, njano, kijani au za mistari?

Kamati nyingi huchagua jezi kwa kuitandaza mezani. Mezani kila rangi inapendeza, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Televisheni haiioni jezi mezani. Inaiona kutoka juu ya jukwaa, kwa mbali, ikikimbia juu ya nyasi, kisha inaibana picha na kumpelekea mtu anayeitazama kwenye simu inayoenea kiganjani.

Ulinganisho huu ni wa kiongozi wa timu, mbunifu wa jezi au mwandaaji wa mashindano aliyebaki na rangi mbili tatu, na mechi zake zitarushwa. Mila za klabu, bei na joto la kitambaa ninaviacha. Hayo mnayajua wenyewe. Kinachopimwa hapa ni mtazamaji anaona nini.

Vigezo kwanza

Tufanye hesabu ndogo, maana bila hiyo kila mtu atabaki na ladha yake. Tuseme kamera kuu inaonyesha upana wa mita 50 za uwanja kwa wakati mmoja. Picha ya HD kamili ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1,920 kwa upana, kwa hiyo kila mita inapata pikseli 38 hivi. Kifua cha mchezaji, tukikikadiria nusu mita, kinapata 19. Intaneti ikilegea na video ikashuka hadi pikseli 854 kwa upana, kifua kile kile kinabaki na pikseli 8 au 9. Hapo mstari wa sentimita 5 haufikishi hata pikseli moja.

Jambo la pili halijulikani sana nje ya watu wa matangazo: televisheni hutunza mwangaza kuliko rangi. Ili picha isiwe nzito, matangazo ya kawaida hubeba habari zote za mwanga na giza, lakini habari za rangi hukatwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, yaani hubaki robo. Kwa hiyo kinachotenganisha timu mbili kwenye skrini ni kwanza nani ana jezi hafifu na nani ana jezi ya giza. Rangi yenyewe inafuata nyuma. Enzi za televisheni nyeusi na nyeupe hili lilikuwa wazi kwa kila mtu, na waandaaji walidai timu moja ivae hafifu na nyingine ivae giza. Wengi wanadhani sharti hilo lilikufa pamoja na seti zile. Simu zimelifufua.

Kila chaguo basi nitalipitisha kwenye maswali yale yale. Linaonekanaje juu ya nyasi? Linafanyaje kwenye jua kali, kivuli na taa za usiku? Namba inasomeka? Na linagongana na nani? Swali hili la mwisho halihusu timu pinzani peke yake. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inataka timu mbili zitofautiane, zitofautiane pia na waamuzi, na kila kipa atofautiane na wachezaji wengine na waamuzi. Ndiyo kusema mechi moja ina makundi matano ya rangi.

Wapo pia watazamaji wenye upofu rangi, wasiotenganisha nyekundu na kijani. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwingineko idadi hupungua, lakini haifiki sifuri. Ukumbi ukiwa na wanaume mia, hao wapo.

Nyeupe na rangi hafifu

*Juu ya nyasi.* Hakuna inayoonekana vizuri zaidi. Hata video ikiharibika, mchezaji mwenye nyeupe anabaki kuwa nukta yenye mwanga juu ya kijani. Kasoro yake ni kwamba mpira nao huwa mweupe kwa sehemu kubwa, na mistari ya uwanja pia. Mpira ukipita mbele ya soksi nyeupe unapotea kidogo, na mara nyingi ni pale pale mtu anapotaka kuona ni nani ameugusa. Soksi za rangi nyingine zinaondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

*Jua, kivuli na taa.* Usiku chini ya taa ni raha. Taabu ni alasiri, uwanja ukiwa nusu jua nusu kivuli. Opereta akiongeza mwanga ili upande wa kivuli uonekane, jezi nyeupe iliyo juani inaungua: nembo, mikunjo na jina la mdhamini vinageuka doa moja jeupe. Nyeupe isiyo kali sana, inayoelekea krimu, hustahimili zaidi.

*Namba.* Kazi rahisi. Nyeusi, bluu iliyokolea au nyekundu nzito zote zinasomeka. Dhahabu na fedha zinapendeza dukani tu.

*Inagongana na nani.* Na rangi zote hafifu, si nyeupe mwenzake peke yake: njano, samawati, pinki, kijivu chepesi. Mgongano unaosimuliwa zaidi ni wa Kombe la Dunia 1978, Mar del Plata, Argentina, ambapo Ufaransa na Hungaria zote zilifika na jezi nyeupe. Mechi ilichelewa kuanza huku zikitafutwa nyingine, na Ufaransa ikacheza kwa jezi za mistari ya kijani na nyeupe zilizoazimwa kutoka klabu ya hapo mjini, Kimberley, namba za jezi za baadhi ya wachezaji zikiwa hazilingani na za bukta. Ilishinda 3-1, kwa hiyo leo inasimuliwa kwa kicheko.

*Inamfaa nani.* Timu inayorushwa kwa kamera moja au mbili, na timu yoyote yenye jezi ya nyumbani ya giza inayotafuta ya ugenini.

Nyeusi, bluu iliyokolea, maruni

*Juu ya nyasi.* Mchana wa jua zinakaa vizuri, maana nyasi zenye mwanga zinakuwa hafifu kuliko jezi. Nyasi zikiwa nzito na zimeloa, tofauti inapungua.

*Jua, kivuli na taa.* Hapa ndipo mwiba ulipo. Jezi nyeusi ikiingia kwenye kivuli cha jukwaa inamezwa, na winga anayecheza upande huo anaonekana miguu na kichwa. Taa za usiku zikiwa dhaifu ni vivyo hivyo uwanja mzima. Kabla ya kuagiza, ulizia taa za viwanja mtakavyocheza, siyo cha nyumbani pekee.

*Namba.* Nyeupe au njano, kubwa, bila mapambo ndani. Kanuni za vifaa za FIFA zinaipa namba ya mgongoni urefu wa sentimita 25 hadi 35. Chukua upande wa juu. Siku hizi kuna mtindo wa namba za kijivu juu ya nyeusi. Mtangazaji wenu atawataja wachezaji kwa kubahatisha.

*Zinagongana na nani.* Zenyewe kwa zenyewe. Maruni dhidi ya bluu iliyokolea ni rangi mbili tofauti kabisa ukiwa uwanjani, lakini kwenye simu ni timu moja yenye watu 22. Kijani cha chupa na zambarau nzito viko kundi hilo hilo. Halafu kuna refa. Nyeusi ilikuwa vazi lake kwa miongo mingi, na hata baada ya FIFA kuruhusu rangi nyingine kwenye Kombe la Dunia 1994, waamuzi wengi bado huja na begi lenye nyeusi juu. Timu ya nyeusi iwaarifu waamuzi mapema.

*Zinamfaa nani.* Timu zinazocheza zaidi mchana au kwenye viwanja vyenye taa za uhakika, na ambazo wapinzani wao wengi huvaa rangi hafifu.

Nyekundu

Nyekundu nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo rangi inayowadanganya watu wengi.

*Juu ya nyasi.* Kwa jicho la kawaida nyekundu inaruka kutoka kwenye kijani; ni rangi zinazopingana. Lakini ukiondoa rangi ukabakiza mwangaza, mambo yanageuka. Katika kiwango cha HD, mwangaza wa picha huhesabiwa kwa kuipa kijani uzito wa asilimia 72 hivi, nyekundu 21 na bluu 7. Nyekundu safi kwa hiyo ina mwanga mdogo kuliko inavyodhaniwa, na mara nyingi inakaribiana na nyasi zenyewe. Inategemea rangi ili ionekane, na rangi ndiyo iliyokatwa ikabaki robo. Skrini nzuri haionyeshi udhaifu huo. Video iliyobanwa sana inauonyesha.

*Jua, kivuli na taa.* Inastahimili kuliko zote mbili zilizotangulia: haiungui juani kama nyeupe, haimezwi na kivuli kama nyeusi. Ila nyekundu kali sana huvuja pembezoni, na ukingo wa jezi unaonekana kama umepakwa mafuta. Nyekundu iliyotulia kidogo inatoka vizuri zaidi kuliko ile ya kuumiza macho.

*Namba.* Nyeupe, basi. Nyeusi juu ya nyekundu haisomeki, na kwa aina mojawapo ya upofu rangi, nyekundu yenyewe huonekana karibu na nyeusi, kwa hiyo namba inafutika kabisa.

*Inagongana na nani.* Na nyekundu nyingine, maruni na chungwa, hilo halina mjadala. Lakini adui wake halisi ni kijani. Tarehe 14 Juni 2018, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Moscow, Urusi ilivaa nyekundu na Saudi Arabia kijani. Kwa watu wengi ilikuwa tofauti safi. Watazamaji wenye upofu rangi walilalamika kwamba hawakujua nani ni nani, na mabao yalikuwa matano. Linganisha na fainali ya 1966: England nyekundu, Ujerumani Magharibi nyeupe. Picha za televisheni za wakati huo hazina rangi hata chembe na bado hakuna anayechanganya timu.

Wapo wanaoichagua kwa imani kwamba nyekundu inashinda. Chanzo kimojawapo ni utafiti wa Russell Hill na Robert Barton uliochapishwa mwaka 2005, lakini ule ulihusu hasa michezo ya kupigana kwenye Olimpiki ya 2004, ambako mtu mmoja anamkabili mmoja. Mimi nisingeujenga msimu juu ya hilo.

*Inamfaa nani.* Timu ambayo mechi zake zinaonekana kwa ubora mzuri, isiyo na wapinzani wengi wa kijani, na iliyo tayari kuvaa bukta nyeupe.

Njano na chungwa

*Juu ya nyasi.* Njano ina mwanga karibu sawa na nyeupe, na juu yake ina rangi. Brazil iliiacha nyeupe baada ya maumivu ya kulikosa Kombe la Dunia nyumbani mwaka 1950 na kuanza kuvaa njano mwaka 1954, watu wengi wakiwa hawajawahi kuiona televisheni ya rangi. Kombe la Dunia la kwanza kurushwa kwa rangi, Mexico 1970, likawakuta wamejiandaa bila kujua. Fainali ile, Brazil njano na Italia bluu, ni jozi ambayo bado haijapitwa: hafifu dhidi ya giza, na wasiotenganisha nyekundu na kijani wanaiona bila shida. Chungwa ni hadithi nyingine. Mwanga wake uko katikati ya njano na nyekundu, na ukikolea unaangukia kwa nyekundu.

*Jua, kivuli na taa.* Njano ni salama karibu saa zote. Njano ya kung'aa kama vizibao vya usalama nayo huungua juani.

*Namba.* Nyeusi, bluu iliyokolea au kijani kizito. Nyeupe juu ya njano ni kosa, hata ikizungushiwa ukingo.

*Zinagongana na nani.* Nyeupe, kwa kuwa zote ni hafifu, na kijani cha limau. Chungwa hugongana na nyekundu: fainali ya 2010, Uholanzi ikiwa na chungwa, Hispania iliiweka kando nyekundu yake ikavaa bluu iliyokolea. Waamuzi wengi wana jezi ya njano. Na angalieni vizibao vya walinzi na waokota mipira pembeni mwa uwanja. Winga wa njano akifika mstarini anachanganyika nao.

*Zinamfaa nani.* Timu inayotaka kukumbukwa kwa rangi bila kupoteza mwanga. Njano kwa wengi, chungwa kwa asiye na mpinzani mwekundu.

Kijani

*Juu ya nyasi.* Sihitaji kueleza. Kuanzia msimu wa 2022/23 Serie A ya Italia ilipiga marufuku jezi za kijani kwa wachezaji wasio makipa, na sababu iliyotajwa ni televisheni. Kijani cha wastani ndicho kibaya zaidi. Kijani cha limau au kijani cha chupa hutengana na nyasi kwa mwangaza.

*Jua, kivuli na taa.* Cha chupa kina taabu za jezi za giza, cha limau kina taabu za njano.

*Namba.* Nyeupe inatosha.

*Kinagongana na nani.* Nyekundu, kwa sababu tuliyoiona. Pia matangazo ya kidijitali yanayobandikwa kwenye picha juu ya nyasi: mitambo inayotafuta kijani cha uwanja inaweza kumla na mchezaji.

*Kinamfaa nani.* Timu ambayo kijani ni damu yake. Haina haja ya kukiacha. Mexico imezoeleka kwa bukta nyeupe na soksi nyekundu, Cameroon kwa bukta nyekundu na soksi za njano, na dunia inawaona tangu zamani. Kijani kuanzia shingoni hadi kisiginoni ndicho cha kuogopa.

Mistari na miraba

*Juu ya nyasi.* Jibu linategemea rangi mbili zilizomo zinakaribiana kiasi gani kwa mwanga. Mistari ya Argentina, samawati na nyeupe, ikisogea mbali inayeyuka na kuwa rangi moja hafifu, kwa hiyo haipotezi kitu. Mistari ya nyeusi na nyeupe kama ya Juventus au Newcastle ikiyeyuka inakuwa kijivu. Dawa ni upana: mstari wa sentimita 10 hubaki na pikseli karibu 4 kwenye HD, na hapo bado ni mstari.

*Jua, kivuli na taa.* Wastani. Tatizo lake ni jingine: mistari myembamba humetameta kwenye skrini, mawimbi ya rangi zisizokuwepo yakipita kifuani kwa mchezaji wakati kamera inasogea.

*Namba.* Ndiyo kasoro kubwa. Celtic ya Scotland, yenye mistari ya kulala, ilikaa hadi katikati ya miaka ya 1990 bila namba mgongoni kwenye ligi ya nyumbani; waliziweka kwenye bukta. Leo suluhisho ni kipande cha rangi moja mgongoni. Mbunifu akikataa, mtafute mbunifu mpya.

*Inagongana na nani.* Na pande zote mbili za rangi zake. Nyeusi na nyeupe inagombana na timu nyeupe na timu nyeusi vilevile, hivyo jezi ya pili lazima iwe ya rangi moja tupu.

*Inamfaa nani.* Klabu inayotambulika kwa mistari yake, yenye uwezo wa kushona seti tatu.

Kijivu sikukipa nafasi yake kwa makusudi. Tarehe 13 Aprili 1996 Manchester United ilikwenda Southampton na jezi za kijivu, ikafungwa mabao matatu kabla ya mapumziko, ikarudi uwanjani na bluu na nyeupe. Kocha wao, Alex Ferguson, alisema wachezaji hawaonani. Walifungwa 3-1, na katika mechi tano jezi ile haikushinda hata moja. Watu walimcheka. Mimi naona alikuwa na hoja: rangi ya katikati, isiyo hafifu wala giza, ikiwekwa mbele ya jukwaa lililojaa watu haina cha kushikia jicho. Kama mchezaji aliye mita 30 anakwama, mtazamaji wa simu afanyeje?

Kwa hali yako

Kama bajeti inaruhusu seti mbili tu, usianze na rangi mbili uzipendazo. Anza na hafifu moja na giza moja, juu mpaka chini. Bukta na soksi zina eneo kubwa kwenye picha, na timu mbili zenye jezi tofauti lakini bukta nyeupe zote zinachanganya wakati wa kona.

Kama mpinzani wenu mkuu ni wa kijani na nyinyi ni wekundu, au kinyume chake, mmoja avae nyeupe siku hiyo hata kama kanuni haimlazimishi. Mkishindwa kukubaliana, angalau bukta zitofautiane kwa mwanga.

Kama mnarushwa kwenye intaneti kwa kamera moja, acheni mistari myembamba, acheni nyekundu tupu, nendeni nyeupe au njano nyumbani, na bluu iliyokolea ugenini.

Kama mechi zenu ni za usiku na taa ni za wasiwasi, jezi ya giza iwe ya pili. Kama ni alasiri na jukwaa linatupa kivuli nusu uwanja, njano au nyekundu iliyotulia itawapa amani kuliko nyeupe na nyeusi.

Kama wewe ni mwandaaji, omba kila timu ikutumie sampuli za seti zote, pamoja na za makipa, kabla ya ratiba kutoka. Wapange watu wawili wakiwa wamevaa upande wa mbali wa uwanja, wapige picha kwa simu ukiwa juu ya jukwaa, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze mpaka iwe ndogo kama kidole gumba. Ukisita kusema yupi ni yupi, timu moja ibadilishe.

Na kipa mpeni rangi ambayo hakuna mwingine aliyeivaa: pinki, zambarau, chungwa. Makipa wawili wakifanana na wote hawana jezi nyingine, sheria inamruhusu refa kuanzisha mechi. Kipa akifanana na beki wake, haimruhusu.